Lafudhi ya Mwalimu Dainess

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi, kama muda wa mtu kumaliza glasi ya maji. Mwalimu Dainess alionekana amesimama uani kwake Katubuka, Kigoma, amevaa aproni ya kupikia, moyo wa ng'ombe mkononi. Alikuwa anamimina maji kwenye mshipa mkubwa wa juu ili wanafunzi waone vilango vya ndani vinavyojifunga. Maji yalijaa, yakatulia, hayakupita. "Mmeona?" alisema akiitazama simu. "Umutima hauruhusu amaraso kurudi yalikotoka. Kilango kikilegea tu, hapo ndipo ugonjwa unapoanza."

Umutima na amaraso, yaani moyo na damu. Muha yeyote amekua na maneno hayo mdomoni, na Mrundi vilevile. Lakini mwenye ukurasa mmoja wa umbea mtandaoni, mtu asiyejulikana jina wala sura, alikikata kipande hicho kutoka kwenye somo zima, akakiandikia juu kwa herufi nyekundu: MKIMBIZI ANAFUNDISHA WATOTO WETU. NANI KAMPA KIBALI?

Dainess hakuwa amekiona. Alikiona dukani kwa Marcelina, Jumamosi asubuhi, alipokwenda kununua sukari na vocha.

"Mwalimu," Marcelina alisema akipima sukari, "kumbe ni wa kule?"

"Kule wapi?"

"Si kule ng'ambo." Akamgeuzia simu. Mmoja wa wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi akasogea kando kidogo, ingawa nafasi ilikuwepo tele. "Mimi sina neno, Mwalimu. Ni wateja ndio wanauliza."

Dainess alikitazama kipande mpaka mwisho. Alijiona anavyosema, alisikia ile lafudhi yake ya Kiha ambayo hakuwahi kuifikiria, kama vile mtu asivyofikiria jinsi anavyotembea. Akatoa noti. Marcelina aliipokea, akaiinua juu kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza, ndipo akaitia kwenye droo. Miaka yote aliyonunua pale hakuwahi kufanyiwa hivyo.

"Ni ya kweli?" Dainess aliuliza.

"Ni mazoea tu," Marcelina alisema bila kumtazama.

Nyumbani, mumewe Noel alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, begi lake kubwa bado halijafunguliwa. Alikuwa mtunza stoo wa shirika moja lililogawa mahindi na sabuni kwenye kambi ya wakimbizi. Huo ulikuwa mwaka wa kambi kupunguzwa na mabasi kurudisha watu Burundi, na mkataba wake ulikuwa umekatika pamoja na wa wenzake. Alirudi Ijumaa na godoro lake juu ya gari la mizigo. Shule ya binafsi ya Ujiji, alikokuwa akifundisha Dainess, ilikuwa imefungwa zamani. Tangu hapo nyumba iliishi kwa mshahara wa Noel, kwa mawese aliyouza mama yake Dainess sokoni Mwanga, na kwa tumaini la masomo ya mtandaoni.

Tumaini hilo lilikuwa karibu kuiva. Kampuni moja ya Dar es Salaam, Kurunzi, ilitaka kununua masomo yote ya biolojia ya Dainess, kidato cha kwanza hadi cha nne, na kumwajiri atengeneze mengine. Mkataba ulikuwa usainiwe Jumatatu.

"Umeona?" Noel aliuliza.

"Nimeona."

"Watu wa kampuni nao wameona. Simu yako imeita mara nyingi. Jina limetokea Sia."

* * *

Sia alimkaribisha kwenye hoteli iliyo juu ya ziwa. Alikuwa mratibu wa Kurunzi, mwanamke wa Rombo mwenye nywele fupi na sauti ya kusomea taarifa, na alikuwa ameruka kutoka Dar kwa ajili ya mkataba huo. Alimwagizia Dainess maji ya chupa bila kumuuliza anataka nini. Dainess alikunja miguu chini ya kiti, kwa sababu kiatu chake kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Pole na hizi kelele, Mwalimu."

"Asante. Zitapita."

"Zitapita tukizisaidia kupita." Sia akaweka simu mezani. "Kampuni bado inakutaka, hilo ujue. Unafundisha vizuri kuliko wote tuliowaangalia. Ila shule zinazonunua kwetu zimeanza kupiga simu. Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza, vile vipande vya Kirundi tuvitoe."

"Ni Kiha."

"Kwa mtazamaji wa Dar hakuna tofauti."

"Hata kwa mtoto wa huku haipo kubwa, ndiyo maana wote wananielewa." Dainess alijitahidi sauti yake isipande. "Dada Sia, mtoto anatoka Kalinzi kuingia kidato cha kwanza. Kitabu ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ambacho kwake ni lugha ya pili. Mimi namrushia neno moja la nyumbani ili ajue tunaongelea kitu alichonacho kifuani. Baada ya hapo Kiingereza kinaingia chenyewe."

"Naelewa. Nakuambia tu soko." Sia alikunywa kahawa yake. "La pili ni dogo. Urekodi tamko fupi. Nimekuandikia." Akasoma kwenye simu, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa: "Mimi, Mwalimu Dainess, ni Mtanzania wa kuzaliwa. Wazazi wangu wote wawili ni wenyeji wa Kigoma, na familia yangu haijawahi kuwa na uhusiano wowote na wakimbizi."

Kule chini, boti za dagaa zilikuwa zimelala Kibirizi, taa za kuvulia zikining'inia. Dainess alizitazama.

"Sentensi ya kwanza ni kweli," alisema.

"Na ya pili?"

Dainess alirudisha macho kwenye boti. Sia alisubiri, akaelewa, akainama mbele na sauti ikashuka, ikawa ya mtu na si ya kampuni.

"Mwalimu, nani atakwenda kuchimba? Mimi nilipofika Dar walinicheka kwa lafudhi yangu mwaka mzima. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka ikaisha. Leo naongea na wakurugenzi na hakuna anayeuliza nimetoka mgomba gani. Si kujikana. Ni kuvaa nguo ya kazini."

"Na mama yako ukimpigia simu, unaongea naye kwa lafudhi gani?"

Sia alitabasamu, akatazama saa. "Nitumie tamko kabla ya Jumatatu asubuhi," alisema. "Mkataba ninao kwenye mkoba."

* * *

Tangu akiwa mdogo Dainess alijua mambo mawili kuhusu mama yake: kwamba alizaliwa Rumonge, Burundi, na kwamba jambo hilo halisemwi. Eufrasia alivushwa ziwa akiwa mtoto, mwaka ule wa mauaji, akakulia Ujiji, akaolewa na Muha wa Rusimbi, fundi seremala ambaye sasa ni marehemu. Karatasi ya uraia aliipata akiwa tayari na mjukuu. Lakini sokoni wote walijua kwamba Mama Eufrasia ni mtu wa Kalinzi, kwa sababu ndivyo alivyowaambia.

Jioni hiyo Dainess alijifungia chumbani akaiegemeza simu kwenye mto. Alijiambia kwamba anajaribu tu sauti. "Mimi, Mwalimu Dainess, ni Mtanzania wa kuzaliwa," alisema, na ikatoka vizuri. "Wazazi wangu wote wawili…" Akasimama. Akafuta, akaanza upya. Safari hii alifika kwenye neno familia. Akafuta tena. Alishangaa kugundua kwamba alikuwa anasema kwa sauti isiyo yake, ile sauti ya Sia ya kusomea taarifa, na kwamba haikuwa ngumu sana kuiiga.

"Usikwame hapo," sauti ya mama yake ilisema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ukikwama watajua unadanganya. Pitisha haraka, kama unameza kidonge."

Dainess alitoka. Eufrasia alikuwa jikoni amekaa juu ya kigoda, anajaza mawese kwenye chupa kwa kutumia faneli, mikono yake imetapakaa wekundu hadi kwenye viwiko. Noel alikuwa amesimama mlangoni. Binti yao, Recho, alikuwa anaosha vyombo nje.

"Mama, ulikuwa unasikiliza."

"Ukuta wenyewe wa matofali mabichi. Nifanyeje?" Eufrasia hakuinua macho. "Sema tu, mwanangu. Mimi sitaumia. Nimewaambia watu natoka Kalinzi miaka mingi mpaka nikiota naota nipo Kalinzi, na sijawahi kulala hata siku moja huko. Wewe ukisema, utakuwa umeniunga mkono tu."

"Mama amesema mwenyewe," Noel alisema.

"Amesema kwa sababu anatuona hatuna kazi."

"Na kweli hatuna." Noel hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakupaza. "Mama Recho, nisikilize. Mimi nimesimama kwenye dirisha la stoo miaka yote hii nagawa mahindi. Nimemwona mtu aliyekuwa mkuu wa shule kwao, amevaa tai, anaitwa kwa namba, na akiitwa anakimbia. Nimemwona mama anaambiwa sabuni imeisha na sabuni ipo nyuma yangu, kwa sababu mgawaji amemchukia. Neno hilo likimshika mtu halimwachii. Sentensi moja, Mama Recho. Unaisema, tunapumua, Mama anaendelea na maisha yake kama kawaida. Sitaki neno hilo limshike mtoto."

"Limeshamshika," Dainess alisema. "Muulize mbona karudi kutoka bombani na ndoo tupu."

Noel aligeuka. Recho alikuwa ameacha kuosha, povu likimtiririka vidoleni.

"Walisema wakimbizi wanapanga foleni yao ya mwisho," mtoto alisema. "Nikapanga. Halafu maji yakakatika."

Noel alichukua ndoo, akatoka nayo kwenda bombani mwenyewe, na akakaa huko muda mrefu kuliko foleni yoyote. Dainess aliingia chumbani, akafuta majaribio yote ya tamko. Bado hakuwa ameamua. Alichojua ni kwamba akisema sentensi ile, Recho atakuwa ameisikia, na atakuwa amejifunza kwamba bibi yake ni kitu cha kufichwa.

* * *

Jumapili baada ya misa alikuja mwenye nyumba. Mzee Bonifasi alikuwa karani mstaafu, mpole, asiyekosa koti, na katika muda wote wa kupanga kwao hakuwahi kugombana nao hata juu ya choo kinachovuja. Alikaribishwa kiti, akakalia ncha yake.

"Shikamoo, Mzee," Dainess alisema.

"Marahaba, Mwalimu." Aliweka kofia juu ya goti. "Sina maneno mengi. Watu wamekuja kwangu. Wanasema nimeweka nyumbani kwangu watu wasio na karatasi. Mimi ni mtu mzima, sitaki kusumbuliwa. Nikasema nipite tu, nione vitambulisho, nikawanyamazishe. Vya kwenu wawili na…" aligeuza macho kidogo upande wa jikoni, "na cha bibi."

Eufrasia alikuwa ameshasimama. Alijifuta mikono kwenye kanga haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, akaelekea chumbani ambako karatasi yake ilihifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine. Dainess alimwona mgongo wake ulivyopinda. Ulikuwa umenyooka sekunde chache kabla.

"Mama, kaa," alisema.

"Ninayo, mwanangu. Nimuoneshe tu, yaishe."

"Kaa, Mama." Kisha akamgeukia Mzee Bonifasi. "Mzee, ukidai kodi, nitakupa. Ukisema nimevunja dirisha, nitalitengeneza. Ofisi yenye kazi hiyo ikija kuuliza karatasi, nitazitoa zote, za kwangu na za Mama, zipo na ni halali. Lakini wewe si ofisi hiyo, na hao waliokutuma hawana hata jina. Mama yangu hatatoa karatasi mbele ya mtu kila mtu anapoamka na hamu ya kuiona."

Mzee Bonifasi alimtazama Noel, kama mwanamume anayetafuta msaada wa mwanamume mwenzake. "Bwana Noel, tuelewane. Huyu bibi ni nani kwako hasa?"

Dainess naye alimtazama. Alimjua mumewe; alijua hesabu anazopiga kichwani, na hakumlaumu.

"Huyu ni mama yangu," Noel alisema.

"Mama mkwe, unataka kusema."

"Mama yangu, Mzee. Wakati Recho anazaliwa mimi niko kambini barabara zimekatika na mvua, ni yeye aliyembeba mke wangu kwenye mkokoteni wa mawese hadi hospitali. Unataka nikuoneshe karatasi ya hilo?"

Mzee alivaa kofia yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwamba anawaheshimu, kwamba ana vijana wa kuwasomesha na hawezi kugombana na mtaa, na kwamba mwezi ukiisha angeomba nyumba yake. Kisha akaaga kila mmoja kwa jina, isipokuwa Eufrasia, ambaye alimpungia tu mkono.

Alipopotea kwenye kona, Eufrasia alikuwa bado amesimama katikati ya sebule.

"Hata jina langu analijua," alisema. "Kila mwezi ananunua mawese kwangu. Ananiita Mama Eufrasia, tena ananipunguzisha bei." Akavuta kigoda, akakitoa uani, akakiweka pale pale ambapo binti yake hurekodia masomo, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Akakaa. "Washa simu yako."

"Mama, hulazimiki. Nitakataa tamko, basi. Sitasema lolote juu yako."

"Ndiyo, hutasema. Wewe si uliyekimbia. Aliyekimbia ni mimi, kama kuna wa kusema ni mimi. Recho, niletee kitenge changu kipya."

* * *

Noel ndiye aliyeshika simu. Siku hiyo Dainess alikuwa amepanga kufundisha figo, na figo za mbuzi zilikuwa kwenye bakuli mezani, zimefunikwa na sahani zisipigwe na nzi. Aliogopa. Aliogopa zaidi kuliko siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa. Alitaka kumwambia mama yake aseme hivi, asiseme vile. Akajikuta anafikiri kama Sia, akafunga mdomo.

Eufrasia aliangalia moja kwa moja kwenye simu. Hakujaribu kusafisha Kiswahili chake.

"Mimi naitwa Eufrasia. Nilizaliwa Rumonge. Nilikimbia vita nikiwa mtoto, nilikuwa mkimbizi, na sikuiba cha mtu. Nimeuza mawese sokoni Mwanga, wengi mnaotukana mmekula mchuzi wake. Nimechangia madarasa, nimechangia zahanati, nimezika mume wangu hapa, na kura napiga. Nilisema uongo kitu kimoja, nilisema natoka Kalinzi. Watu wa Kalinzi mnisamehe, mlinisitiri bila kujua. Huyu mnayemsema ni mwanangu. Baba yake Muha, mama yake ni mimi. Anaongea hivi kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuongea. Kama kuna mtu lafudhi yake inamkera, aje sokoni aniambie mimi. Meza yangu ni ya tatu ukiingia. Nimemaliza. Mwalimu, fundisha. Watoto wanasubiri."

Akasimama, akabeba kigoda chake, akatoka kwenye picha.

Dainess aliingia. Alifunua bakuli. "Leo ni figo," alisema. "Kiingereza tunaita kidney. Kazi yake ni kuchuja damu, amaraso, ili uchafu utoke na kizuri kibaki." Alipasua figo kwa kisu kikali cha jikoni, akaonesha tabaka la nje na la ndani, na alifundisha somo lote hadi mwisho, bila kuruka, bila kuharakisha. Alitumia maneno ya Kiha mengi kuliko siku zote. Mengine hayakuhitajika. Aliyatia makusudi.

Noel aliposhusha simu macho yake yalikuwa mekundu. "Niipandishe hivi hivi?" aliuliza. "Au tuanzie kwenye figo?"

"Hivi hivi," Dainess alisema.

* * *

Jumatatu Sia hakupiga, alituma ujumbe. Ulikuwa wa adabu sana. Kampuni ilimshukuru Mwalimu kwa muda wake, na kwa sasa ingeelekeza nguvu kwingine. Dainess aliusoma amesimama, akaenda chooni, akalia huko ambako Recho hakuweza kumwona, akanawa uso, akatoka kupanga vyombo kwenye maboksi.

Matusi yalikuja, mengi, na mengine ya kumtoa mtu usingizi. Ukurasa ule wa umbea ulimkata Eufrasia pia, ukamweka na picha ya kikaragosi. Sokoni Mwanga wapo walioipita meza yake huku wametazama juu. Dukani kwa Marcelina, Dainess hakwenda tena. Alitembea hadi duka la mbali. Mwezi ulipoisha walihamia Ujiji, vyumba viwili karibu na ufuko, ambako maji huchotwa kwa zamu na paa huvuja upande wa jikoni. Noel alianza kununua dagaa kwa wavuvi na kuanika kwenye chanja, kazi aliyoiona ya aibu kwa mtu mwenye cheti cha ugavi, na wiki za kwanza alikwenda nayo asubuhi sana ili asikutane na waliomjua. Baadaye akaanza kwenda saa yoyote.

Lakini chini ya matusi palikuwa na maneno mengine pia. Muuza samaki wa Kibirizi aliandika: "Bibi yangu naye alitoka Nyanza-Lac, sijawahi kusema." Nesi wa Uvinza akaandika la kwake. Kijana wa chuo Mwanza, kwamba babu yake alivuka kutoka Kongo na nyumbani huambiwa aseme ni Mbembe wa huku. Wengine waliandika na kufuta baada ya saa chache, na Dainess aliwaelewa. Mwalimu mmoja wa kambini Nyarugusu, aliyejitambulisha kwa jina la Martini, aliandika kwamba darasa lake lote hutazama masomo yake kwenye simu moja, wakikaa kwa mafungu, na kwamba waliposikia habari waliogopa ataacha. "Walitaka nikuulize kama mfumo wa upumuaji utaufundisha," aliandika. Dainess alimjibu: "Alhamisi." Akaufundisha Alhamisi, katikati ya harufu ya dagaa, mbele ya shuka lile lile.

Wazazi wa Ujiji walianza kuleta watoto jioni. Walilipa walichoweza, wengine kwa samaki. Mkuu wa shule moja ya Buhigwe alimwita akafundishe walimu wake jinsi ya kurekodi kwa simu ya kawaida. Haukuwa utajiri. Kuna wiki walikula vizuri na kuna wiki walikula kwa kunyamaza. Eufrasia aliendelea na meza yake Mwanga, na mtu akimuuliza ametoka wapi, alijibu, "Rumonge. Wewe je?"

Mvua za vuli zilipoanza, simu iliita wakati Dainess anafunga aproni kwa ajili ya somo. Ilikuwa ile sauti ya kusomea taarifa.

"Mwalimu Dainess, hongera. Tumekuwa tukikufuatilia. Namba zako zimepanda sana, hasa kanda hii yote ya magharibi. Uongozi umebadilisha mawazo. Tunataka masomo yote, na dau limeongezwa." Sia alitaja dau. Noel, aliyekuwa karibu akikaza stendi ya simu ya pili, alisikia, akaacha kukaza.

"Na lafudhi yangu?"

"Ibaki. Imekuwa kama alama yako." Sia alisita. "Kuna kitu kimoja tu cha kiufundi. Lile somo la figo ndilo linalotazamwa kuliko yote, lakini haliwezi kuingia shuleni likiwa na ile dakika ya mwanzo. Tutaikata tu. Hakuna atakayejua."

Dainess alimtazama Noel. Noel alitazama paa la jikoni, pale panapovuja, kisha akainama, akaendelea kukaza stendi.

"Hapana, dada Sia," Dainess alisema. "Mnachukua somo lote kama lilivyo, au hamchukui."

"Mwalimu, hebu fikiria kwanza. Ongea na mumeo."

"Nimeshaongea naye. Msalimie mama yako Rombo."

Akakata. Uani Eufrasia alikuwa anawapanga watoto wa jioni kwenye mkeka, wadogo mbele, akiwakemea kwa Kirundi cha Rumonge bila kushusha sauti.

"Nani alikuwa anapiga?" aliuliza.

"Watu waliokosea namba," Dainess alisema, akaenda kusimama mbele ya kamera.